Kipimo Husoma Salio: Virutubisho na Ubora wa Maji Katika Tangi la Matumbawe

Matangi mawili ya maji ya chumvi yanaweza kupimwa asubuhi moja, kwa vifaa vilevile, na yote mawili yakaonyesha nitrati sifuri na fosfati sifuri, ilhali hali zake hazifanani hata kidogo. La kwanza limefunikwa na mwani wa kijani wa nyuzinyuzi uliomeza mawe yote, na kila mwenyewe anapoung'oa kwa vidole, baada ya wiki moja anaukuta umerudi. La pili ni safi kupita kiasi: kioo hakishiki hata ukungu wa kijani, mawe ni meupe kana kwamba yamesuguliwa, na matumbawe yaliyoingizwa humo yakiwa ya zambarau na kahawia sasa yamepauka, nyama yake imekuwa nyembamba hadi mifupa inaonekana chini yake. Mwenye tangi la kwanza huambiwa apunguze virutubisho, naye hubaki akijiuliza apunguze nini, maana kipimo kimekwisha kusema havipo. Mwenye tangi la pili husifiwa kwa usafi huku mifugo yake ikifa njaa.

Fumbo hili hufumbuka mara mtu anapokumbuka kipimo husoma nini. Tone la kemikali ndani ya kichupa halijui jana kilitiwa chakula kiasi gani, wala mwani ulikula kiasi gani usiku kucha. Linajua tu kile kilichobaki majini baada ya kila kiumbe kuchukua haki yake. Ni salio la akaunti. Salio la sifuri anaweza kuwa nalo mtu anayepokea fedha nyingi na kuzimaliza siku hiyohiyo, na anaweza kuwa nalo mtu ambaye hajapokea kitu tangu mwaka uanze. Ndiyo sababu namba ileile inaeleza shibe katika tangi moja na njaa katika jingine, na ndiyo sababu anayefukuzia namba peke yake hufanya kosa lilelile mara mbili, kwa pande mbili tofauti. Kazi yenyewe ni kulinganisha kinachoingia na kinachotoka, kisha kulitazama salio kama ushahidi wa jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda.

Mlango wa chakula

Katika tangi lililojazwa maji safi, karibu nitrojeni na fosforasi yote huingia pamoja na chakula cha samaki. Inafaa kuikokotoa walau mara moja, kwa sababu hesabu yake inashangaza. Chukua tangi la lita 300 linalopewa gramu 1 ya chakula kikavu kwa siku, kiasi ambacho samaki wachache wa wastani hukimaliza kwa dakika moja na kurudi kioo cha mbele kuomba zaidi. Chakula chenye protini asilimia 45 hubeba takribani miligramu 72 za nitrojeni katika kila gramu, kwa kuwa karibu asilimia 16 ya uzito wa protini ni nitrojeni. Nitrojeni hiyo ikigeuka yote kuwa nitrati, hutoa miligramu 320 hivi, yaani zaidi kidogo ya miligramu 1 kwa kila lita ya tangi. Ikiwa chakula hichohicho kina fosforasi asilimia 1, kinaweza kutoa miligramu 30 hivi za fosfati, ambazo zikigawanywa kwa lita 300 ni miligramu 0.1 kwa lita. Hiyo ni siku moja tu, na tayari fosfati yake inatosha kufikia au kupita kiwango ambacho wafugaji wengi wa matumbawe hawapendi kukiona kwenye kipimo.

Samaki mdogo anayekua huhifadhi sehemu ya virutubisho hivyo mwilini, lakini samaki mzima hahifadhi karibu chochote. Nitrojeni aliyoila humtoka hasa kupitia mashavu ikiwa amonia, na kilichobaki hutoka na kinyesi. Kwa hiyo samaki si mwisho wa safari ya chakula. Ni kituo cha kwanza tu. Wapo wanaoshauri kusuuza chakula kilichogandishwa ili kuondoa fosfati, na kusuuza hakuna ubaya, ila faida yake hutiwa chumvi mno. Sehemu kubwa kabisa ya fosforasi imo ndani ya nyama ya kile kidudu au kamba mdogo, wala haimo katika maji aliyogandishiwa, na atakayetaka kuiosha yote itambidi aoshe chakula mpaka kiishe.

Mlango wa pili ni maji yenyewe. Maji ya bomba huweza kubeba nitrati, fosfati, silika, klorini na wakati mwingine shaba, ambayo kwa kiasi kidogo mno huua konokono na kamba. Ndiyo maana wafugaji makini huyapitisha kwanza kwenye utando wa osmosisi kinyume, kisha kwenye resini inayoshika ioni zilizopenya, na kuyakubali pale tu kifaa cha kupimia vitu vilivyoyeyuka kinapoonyesha sifuri. Hapo, na pengine hapo tu, sifuri ni sifuri kweli. Maji hayo ndiyo ya kuchanganyia chumvi na ndiyo ya kufidia yanayopotea kwa mvuke. Maji hupaa, chumvi haipai: tangi la lita 300 lenye chumvi gramu 35 kwa kilo likipoteza lita 15 bila kufidiwa, chumvi yake hupanda kukaribia 37, na akilijaza tena mwenyewe kwa maji ya chumvi badala ya maji matamu, kosa hujijenga kila wiki juu ya lile lililotangulia.

Nitrojeni ina njia ya kutokea, fosfati haina

Kilichoingia kikiwa protini huanza mara moja kubadilika. Amonia ni sumu kwa samaki, na katika maji ya bahari ni sumu zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hukaa katika sura mbili, moja yenye chaji isiyo na madhara makubwa na nyingine isiyo na chaji ipenyayo mashavu kwa urahisi, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Kwenye pH ya 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika sura ya sumu ni zaidi ya mara 10 ya ile ambayo ingekuwepo kwenye pH ya 7. Bakteria na arkea, viumbe wadogo wanaofanana nao, wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Katika tangi jipya jumuiya hiyo huchukua kwa kawaida wiki tatu hadi sita kujijenga, na katika kipindi hicho hakuna kifaa kinachoweza kuchukua nafasi ya subira. Nitriti, inayowatia hofu wafugaji wa maji matamu, humu haina makali yale, kwa sababu kloridi iliyojaa katika maji ya bahari hushindana nayo kwenye mashavu ya samaki na kuizuia kuingia.

Maelezo ya kawaida huishia hapo, na kumwacha msomaji akiamini kwamba amonia yote hupita njia hiyo hadi kuwa nitrati. Katika tangi lililokomaa sivyo ilivyo. Matumbawe na mwani huipenda amonia kuliko nitrati, maana kuitumia kunagharimu nguvu kidogo, hivyo sehemu kubwa hunyakuliwa kabla bakteria hawajaigusa. Tangi lenye samaki wengi walioshiba huwalisha matumbawe mchana kutwa kwa amonia ambayo kipimo hakitaiona kamwe, na hii ndiyo sababu mojawapo ya matumbawe kupendeza zaidi katika tangi lenye pilikapilika za samaki kuliko katika tangi tupu lenye namba zilezile.

Nitrati inayosalia ina njia moja zaidi. Ndani ya vinyweleo vya mawe ya matumbawe na chini ya tabaka la mchanga, mahali ambapo oksijeni haifiki, wapo bakteria wanaopumua nitrati badala ya oksijeni na kuiachia ikiwa gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda juu na kutoweka hewani. Mawe yenye uhai ndani yake, ambayo Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaeleza kwa wafugaji mnamo mwaka 1961, hufanya kazi hiyo kimyakimya bila swichi wala pampu.

Fosfati haina bahati hiyo. Haina sura ya gesi ambayo ingeweza kuichukua katika maji haya, kwa hiyo kila miligramu iliyoingia itakaa ndani ya tangi mpaka mtu aitoe kwa mkono wake, iwe ndani ya povu, ndani ya mwani uliovunwa, ndani ya maji yaliyomwagwa au juu ya kitu kilichoinasa. Kibaya zaidi ni kwamba hujificha. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo kiini cha mawe na mchanga wa tangi, hushika fosfati juu ya uso wake, na huendelea kuishika kwa miezi huku kipimo kikionyesha namba ya kutuliza moyo. Siku mfugaji anapoanza kuiondoa kwa nguvu, fosfati ya majini hushuka, mawe yakaachia ile yaliyokuwa yameishika, na baada ya siku tatu namba inarudi pale ilipokuwa. Wengi hudhani dawa haikufanya kazi. Ilifanya, deni ndilo lililokuwa kubwa kuliko salio lilivyoonyesha.

Hesabu ya kubadilisha maji

Ushauri wa kwanza anaopewa kila mwenye nitrati nyingi ni kubadilisha maji, na ni ushauri mzuri unaotarajiwa kufanya zaidi ya uwezo wake. Kubadilisha asilimia 10 hupunguza nitrati kwa asilimia 10 tu: 20 inakuwa 18. Mabadiliko kumi ya namna hiyo, wiki kumi mfululizo, yangeacha asilimia 35 ya kiasi cha mwanzo, kama hakuna kinachoongezeka. Lakini kinaongezeka. Tuseme kila wiki tangi linajiongezea miligramu 1 kwa lita juu ya uwezo wa mawe na mwani wake. Kwa kubadilisha asilimia 10 kila wiki, nitrati haitapanda bila kikomo, wala haitaisha; itatulia kwenye 10 kabla ya kubadilisha na 9 baada yake, kwa kuwa hapo asilimia 10 inayotolewa inalingana kabisa na 1 inayoongezeka. Ukibadilisha asilimia 20, itatulia kwenye 5. Sasa rudi kwenye ile gramu moja ya chakula kwa siku, inayoleta zaidi ya miligramu 7 kwa lita kwa wiki: kama mabadiliko ya maji ya asilimia 10 yangekuwa njia pekee ya kutokea, nitrati ingetulia kwenye 70 na zaidi. Kwamba matangi mengi ya namna hiyo husoma 5 au 10 ni ushahidi kwamba kazi kubwa inafanywa na wengine. Maji mapya yana thamani yake nyingine, hasa kurudisha madini yanayopungua na kuondoa vitu ambavyo hatuna kipimo chake, lakini anayeyategemea kubeba mzigo wote wa chakula atachoka kabla nitrati haijachoka.

Miongoni mwa hao wengine, skima ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza, na kwa haki. Ni bomba lililosimama ambamo maji huchanganywa na mapovu madogo sana. Molekuli za viumbe zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia hujipanga kwenye ngozi ya kila povu, zikapanda nalo hadi kwenye kikombe cha juu. Maji ya chumvi yanafaa kwa kazi hii kuliko maji matamu kwa sababu chumvi huzuia mapovu kuungana na kuwa makubwa. Mtu akitaka kujua skima inafanya nini, afungue kikombe baada ya siku tatu: atakuta kimiminika cha rangi ya chai nzito, kina harufu inayobaki vidoleni hata baada ya sabuni, na ukingoni kuna utando mweusi ambao lazima ufutwe, la sivyo povu halipandi tena. Hiyo yote ilikuwa njiani kuwa nitrati na fosfati. Skima haiondoi nitrati wala fosfati iliyokwisha kuyeyuka. Huiwahi mali ghafi kabla haijavunjwa, na kwa hiyo mwenye nitrati 50 anayenunua skima kubwa asitarajie kuona namba ikishuka kesho. Atakachozuia ni ongezeko.

Mifuko ya kuchujia inafanana nayo kwa nia, ila ina sharti moja ambalo wavivu, nami nikiwemo, hulilipia. Mfuko uliojaa masalia ya chakula na kinyesi, ukiachwa wiki mbili, hauwi kichujio tena bali jungu la kuozeshea, na maji yote ya tangi hupita katikati yake. Ubadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, au usiwekwe kabisa.

Njia ya mwani ni ya kuvutia kwa sababu inamgeuza adui kuwa mfanyakazi. Mwani wa jenasi Chaetomorpha, unaofanana na nyuzi za plastiki zilizovurugika, huwekwa katika sehemu yake chini ya taa kali, hukua kwa nitrojeni na fosforasi ya tangi, na kila unapovunwa virutubisho hivyo hutoka mlangoni ndani ya ndoo. Mwani usiovunwa haujaondoa kitu, umekopa tu. Taa yake ikiwashwa usiku, wakati tangi kubwa limelala, mwani hutumia kaboni dioksidi wakati ambapo viumbe wengine wote wanaitoa, na pH, ambayo kwa kawaida hushuka kuelekea alfajiri, haishuki sana.

Njia ya kulisha bakteria kaboni inahitaji tahadhari kubwa kuliko zote. Katika maji yenye nitrati na fosfati nyingi, kinachowazuia bakteria kuongezeka mara nyingi ni ukosefu wa kaboni rahisi kuliwa. Mfugaji huwapa ethanoli kwa njia ya vodka, au asidi asetiki kwa njia ya siki, nao wakizaliana hujenga miili yao kwa nitrati na fosfati, kisha skima huwatoa. Kwa kiasi cha kaboni, mililita 1 ya vodka ya asilimia 40 inalingana na karibu mililita 8 za siki ya asilimia 5. Hatari iko kwenye haraka. Bakteria wanaozaliana kwa ghafla hunywa oksijeni, maji yakawa meupe kama yamechanganywa na maziwa, na maji ya bahari yenye nyuzijoto 25 hata yakishiba kabisa hayabebi zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita. Samaki waliokuwa wazima jioni hukutwa asubuhi wakihema juu ya maji, kama wapo wa kukutwa. Njia hii pia huondoa nitrati kwa wingi kuliko fosfati, kwa hiyo nitrati ikifika sifuri bakteria hukwama na fosfati hubaki pale pale, na kuongeza dozi hapo ni kuongeza matatizo.

Fosfati iliyobaki ndiyo kazi ya chembechembe za oksaidi ya chuma, ambazo huinasa juu ya uso wake. Zinafanya kazi vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Mfugaji anayejaza chombo chake mara ya kwanza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo huweza kuishusha fosfati kutoka 0.3 hadi karibu sifuri kwa siku chache, na matumbawe yaliyokuwa yameizoea 0.3 hayana namna ya kuipokea habari hiyo. Robo ya kipimo, kisha kusubiri wiki, ndiyo mwendo ninaouamini.

Kwa nini sifuri haifai kuwa shabaha

Hoja ya wanaotaka sifuri ina mantiki yake. Maji ya juu kwenye miamba ya bahari ya wazi mara nyingi huwa na nitrati chini ya miligramu 0.5 kwa lita na fosfati chini ya 0.05, na matumbawe hustawi humo, basi tuige. Ustawi huo wa viumbe katika maji fukara ni swali la zamani ambalo wanasayansi huliita kitendawili cha Darwin, kwa kumkumbuka Charles Darwin aliyechapisha kitabu chake kuhusu miamba ya matumbawe mwaka 1842. Sehemu ya jibu ni kwamba mwamba hauli kutoka kwenye salio. Maji mapya huupitia kila sekunde yakiwa na wadudu na chembe za chakula, samaki wa kundi wakijilimbikiza juu yake huudondoshea amonia na kinyesi, sifongo hunyonya sukari zilizoyeyuka na kuzigeuza kuwa chembe ambazo wengine wanaweza kuzila, na ndani ya seli za matumbawe wanaishi mwani wadogo wa zooksanthela wanaorudisha taka za mwenyeji wao kuwa chakula. Mkusanyiko ni mdogo, mtiririko ni mkubwa. Tangi la nyumbani linaloiga mkusanyiko bila mtiririko limeiga njaa.

Zooksanthela wanahitaji nitrojeni na fosforasi zote mbili ili wagawanyike na kujenga utando wa seli zao. Wakizipata kwa wingi huongezeka, na tumbawe hugeuka kahawia, maana rangi zake zenyewe zimefunikwa na za wapangaji. Wakizikosa hupungua, na tumbawe hupauka. Lakini hali mbaya kuliko zote si uchache wala wingi, ni kimoja kuwepo bila kingine. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba matumbawe yaliyowekwa katika maji yenye nitrati nyingi na fosfati iliyoadimika huathirika kwa urahisi zaidi na joto na mwanga hadi kupauka, kwa sababu zooksanthela wanaendelea kukua bila fosforasi ya kutosha kujenga utando ulio imara. Mfugaji mwenye nitrati 25 anayeiua fosfati yake yote kwa oksaidi ya chuma analitengeneza jaribio hilo sebuleni.

Hapa ndipo jina la Alfred Redfield huingizwa. Mwanasayansi huyu wa Marekani alionyesha mwaka 1934 kwamba nitrojeni na fosforasi katika planktoni na katika maji ya bahari hufuata uwiano unaokaribiana, ambao leo hutajwa kuwa atomi 16 kwa 1. Ukiugeuza kuwa miligramu za nitrati na fosfati unapata takribani 10 kwa 1, na baadhi ya wafugaji hutia dozi za nitrati ili kuulazimisha uwiano huo kwenye kipimo. Redfield alikuwa akieleza kilichomo ndani ya miili na kilichomo baharini kwa jumla. Hakuwa akiandika dawa ya tangi. Tangi lenye nitrati 5 na fosfati 0.05 lina uwiano wa 100 kwa 1 na linaweza kuwa zuri sana, kwa sababu vyote viwili vinapatikana. Kinachofaa kuangaliwa ni kama kuna kimoja kilichokwisha.

Sifuri ya muda mrefu ina mgeni wake pia. Mwani mkubwa na bakteria wa kawaida wakinyimwa chakula, uso wa mawe hubaki wazi kwa dinoflajeleti, utando wa kahawia wenye kamasi na mapovu, unaotoweka usiku na kurudi mchana. Baadhi yao, kama wale wa jenasi Ostreopsis, hutoa sumu inayoua konokono wanaowala. Mfugaji akiuona utando huo huubadilishia maji, akaongeza oksaidi ya chuma, akapunguza chakula, yaani anafanya kila jambo lililouleta.

Kusoma namba bila kudanganywa

Kwa tangi la matumbawe mchanganyiko, nitrati kati ya 2 na 10 na fosfati kati ya 0.03 na 0.1 ni eneo ambalo naliona kuwa na busara, na tangi linalopendeza likiwa nje yake liachwe lilivyo. Vifaa vya rangi, ambavyo mtu huvitazama dirishani akilinganisha pinki mbili zisizotofautiana, havina uwezo wa kutenganisha 0.02 na 0.05, kwa hiyo fosfati ipimwe kwa kifaa cha kidijitali. Baadhi ya vifaa hivyo husoma fosforasi kwa mikrogramu, na namba yake lazima izidishwe kwa 3.066 ipatikane fosfati: kikionyesha 10, fosfati ni 0.03, siyo 0.01. Nitrati nayo hutolewa wakati mwingine ikiwa nitrojeni tu, na huko kizidisho ni 4.43. Katika tangi jipya, nitriti iliyobaki huweza kuivuruga kemikali ya nitrati na kuifanya namba iwe kubwa kuliko ukweli.

Virutubisho havisomwi peke yake. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao katika bahari ni karibu 7 kwa kipimo cha Kijerumani (dKH), hutumika pamoja na kalsiamu kila tumbawe linapojenga mifupa: kwa kila miligramu 20 za kalsiamu zinazotoka katika lita, ualkali hushuka kwa 2.8. Tangi lenye virutubisho vichache sana likiwekewa ualkali wa 10 au 11, mifupa huharakisha kukua wakati nyama haina chakula cha kuifuata, na ncha za matawi huungua zikabaki nyeupe. Humo 7 hadi 8 panatosha. Kwa upande wa pili, fosfati ikizidi sana huvuruga uundaji wa fuwele za kalsiamu kaboneti, kwa hiyo tumbawe linaweza kuonekana limeshiba na lisiongezeke. Kabla ya yote hayo, chumvi ipimwe kwa refraktometa, kifaa kinachoisoma kwa kupinda kwa mwanga, iliyorekebishwa kwa maji yenye kiwango cha 35 kinachojulikana, maana chumvi ikikosewa, kalsiamu, magnesi na ualkali hukosewa pamoja nayo.

Turudi basi kwenye yale matangi mawili. La pili, lile jeupe, litolewe oksaidi ya chuma, skima ipunguzwe saa za kazi, na samaki waongezewe chakula kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, huku kipimo kikiangaliwa mpaka kionyeshe fosfati ya 0.03 inayodumu. Kioo kitaanza kushika ukungu wa kijani, na mfugaji afurahi. La kwanza lina chakula kingi kinachoingia na mlaji mmoja anayekimaliza. Humo mwani ung'olewe kwa mkono na kutolewa nje ya maji, mifuko ibadilishwe kwa wakati, mchanga unyonywe masalia yake, konokono walao mwani waongezwe, na Chaetomorpha iwekewe taa yake chini. Baada ya wiki mbili au tatu za kazi hiyo, kipimo kilichokuwa kikisema sifuri kwa miezi kitaanza kusema nitrati 3, kisha 6, na mwenye tangi atashtuka akidhani ameharibu. Mlaji mkubwa ameondoka mezani, na kwa mara ya kwanza kipimo kinakiona chakula kilichokuwa kikiingia siku zote.